Kikapu cha mayai na barabara mbaya: Ford T na Deux Chevaux

Katika vikundi vyetu vya AVEC na vya likelemba kuna neno linalorudi kila mwisho wa mwaka, siku ya kugawana: «Safari hii tununue motokari.» Sababu yake kila mmoja wetu anaijua mgongoni. Gunia la makala, la mihogo au la viazi vya Ulaya linashuka mlimani kwa mkanda wa paji la uso, na likipanda lori la mtu mwingine, nauli inakula nusu ya faida kabla ya kufika sokoni. Basi tunaanza kubishana. Huyu anataka alama ile, yule anataka rangi ile, shemeji wa fulani anajua mahali zinauzwa bei nzuri. Ni mara chache mtu kuuliza: huyu aliyeitengeneza, alikuwa anamuwaza nani? Nani ataiendesha, na atakuwa amebeba nini?

Juma hili tunawaletea motokari mbili za zamani ambazo zilijibu swali hilo kila moja kwa namna yake. Ya kwanza ni Ford T ya Marekani, iliyotoka mwaka 1908. Ya pili ni Citroën 2CV ya Ufaransa, ile baba zetu waliyoiita Deux Chevaux, farasi wawili, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1948. Katikati yake kuna miaka 40 na vita viwili vya dunia. Zote mbili zilitengenezwa kwa watu wa mashambani, wenye njia za matope na feza kidogo. Hapo zinafanana. Lakini ukizitazama kwa macho ya mama mwenye mzigo, zinaachana mbali sana.

Tuanze na ya Marekani. Henry Ford alizaliwa mwaka 1863 katika shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan. Alijua udongo na alijua uchovu wa mkulima. Wakati ule motokari ilikuwa kitu cha matajiri wa mjini, cha kujionyesha siku ya Mungu. Yeye alitaka ile ambayo mkulima anaweza kuinunua. Ford T ilianza kuuzwa Oktoba 1908 kwa dola 850. Zilikuwa feza nyingi bado, lakini kidogo ukilinganisha na zingine.

Tusisahau ule mwaka wenyewe. Tarehe 15 Novemba 1908, majuma machache tu baada ya Ford T kutoka, Ubelgiji uliichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili. Mpira wa porini ambao babu zetu walilazimishwa kuuleta, wengine kwa kukatwa mikono, wengine kwa wake zao kufungwa kama rehani mpaka kilo zitimie, ulitafutwa kwa sababu dunia ilikuwa inataka magurudumu yenye hewa, kwanza ya baiskeli, halafu ya motokari. Tunaposifu werevu wa wazungu wa wakati ule, tukumbuke pia wanawake waliokaa kwenye vizimba vile. Hawakupata kuona hata gurudumu moja.

Sasa Ford T yenyewe. Ilikuwa ndefu ya miguu, imeinuka juu ya ardhi, na resori zake ziliiacha ijipinde kwenye mashimo bila kuvunjika. Chuma chake kilichanganywa na vanadi, kwa hiyo kilikuwa chepesi na kigumu. Moteri ilikuwa ya lita 2.9, nguvu ya farasi 20, na ilikwenda kilometa 65 au 70 kwa saa ikiwa njia ni nzuri. Fundi wa kijijini aliyezoea kupiga jembe aliweza kuitengeneza. Vyuma vya moja viliingia kwenye nyingine bila kupapasa, na hilo lilikuwa jambo jipya.

Wakulima waligundua kazi nyingine ambayo hata Ford hakuitangaza sana. Waliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, wakafunga mkanda, na moteri ikaanza kupasua kuni, kupampu maji, kusaga nafaka. Kuna nyumba ambamo iliendesha hata mashine ya kufulia nguo. Hapo ndipo mama wa shambani alipoanza kuipenda. Husimuliwa juu ya mama mmoja wa Marekani aliyeulizwa kwa nini nyumba yake ina motokari wakati haina hata beseni la kuogea la kisasa. Akajibu kwamba katika beseni huwezi kupanda ukafika mjini. Mimi ninamuelewa kabisa. Mama ambaye hajatoka kwenye uwanja wake kwa miezi, hata kwenda kumuona dada yake aliyezaa, anajua anachokitaka kwanza.

Lakini kuiwasha! Hapa wamama sikilizeni vizuri. Ford T ya kwanza haikuwa na ufunguo wa kugeuza. Mbele yake kulikuwa na manivela, chuma kilichokunjwa, na ulipaswa kuizungusha kwa nguvu ya mkono. Moteri ikiwaka vibaya, chuma kile kinarudi nyuma kwa ghafla kama teke la punda. Watu walivunjika vidole gumba, walivunjika mikono. Waliojua walifundisha wengine: tumia mkono wa kushoto, kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, usikizungushie chuma, na kabla ya yote pandisha juu kile kijiti cha moto kilicho kwenye usukani. Mama mwenye mtoto mgongoni angefanya hivyo namna gani? Wengi walikaa wakingojea mume au kijana arudi ndipo motokari itoke. Kuwasha kwa umeme kulikwisha kuwepo: Cadillac iliuweka kwenye motokari zake za mwaka 1912, kwa kazi ya Charles Kettering. Ford T iliupata mwaka 1919 tu, miaka 11 baada ya kuzaliwa kwake. Kwa miaka yote hiyo, mlango wa motokari ya watu wote ulikuwa wazi, lakini ufunguo ulikuwa kwenye misuli ya mwanaume.

Uendeshaji wake nao ulikuwa wa peke yake. Chini kulikuwa na pedali tatu: ya kushoto ya kubadili vitesi, ya katikati ya kurudi nyuma, ya kulia ni freni. Esansi haikuongezwa kwa mguu, iliongezwa kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Na tangi lilikuwa chini ya kiti cha mbele. Esansi iliteremka yenyewe kwenda kwenye moteri, bila pampu. Kwa hiyo ikiwa mlima ni mkali na esansi ni kidogo, moteri inakauka na kuzimika, kwa sababu pua imeinuka kuliko tangi. Watu walifanya nini? Waligeuza motokari na kupanda mlima kinyumenyume. Wale wanaoijua njia ya Bukavu kwenda Uvira, wawaze Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, ukiipanda kwa mgongo, shimo upande mmoja, lori linashuka mbele ya macho yako.

Kilichoifanya Ford T kuwa kubwa ni bei kuliko starehe. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, walianza kuivuta motokari mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akifunga kitu chake kimoja tu. Kuunga mifupa ya motokari moja kulikokuwa kunachukua saa 12 na nusu kukateremka mpaka dakika 93. Januari 1914 Ford alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ule wa kawaida. Bei ikazidi kushuka: mwaka 1916 ile ya watu watano iliuzwa dola 360, yaani siku 72 za kazi kwa yule aliyepata dola 5 kamili. Mwaka 1925 ile ndogo kabisa ilikuwa dola 260. Ilipoachwa kutengenezwa Mei 1927, zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 15.

Mshahara ule ulikuwa na kamba ndani yake. Kiwanda kilikuwa na ofisi iliyotuma watu nyumbani kwa wafanyakazi kutazama kama nyumba ni safi, kama bwana hanywi, kama feza zinawekwa akiba. Mama alifungua mlango na kukuta mgeni mwenye daftari anachungulia sufuria zake. Na mwanzoni wanawake wenyewe waliofanya kazi katika kiwanda hawakuhesabiwa katika zile dola 5, waliingizwa baadaye. Motokari ya watu wote, lakini «wote» ilihesabiwa kwa mpangilio.

Tuvuke bahari sasa, twende Ufaransa. Mwaka 1934 kampuni ya Citroën ilifilisika, na watu wa Michelin, watengenezaji wa magurudumu, wakaichukua. Mmoja wa waliowekwa kuiongoza alikuwa Pierre-Jules Boulanger. Bwana huyu aliona mashambani mwa Ufaransa watu wakiwa bado wanakwenda sokoni kwa farasi na mkokoteni. Akawapa mafundi wake agizo ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayonunua magari ya miradi. Alitaka kitu cha kubeba watu wanne na kilo 50 za viazi, kiende kilometa 60 kwa saa, kitumie lita 3 tu za esansi kwa kilometa 100. Kiweze kuvuka shamba lililolimwa kikiwa na kikapu cha mayai ndani, na yai hata moja lisivunjike. Na mwanamke anayejifunza kuendesha aweze kukiendesha bila shida.

Someni tena hapo mwisho. Mwaka ule wanawake wa Ufaransa walikuwa hawajapata hata haki ya kupiga kura. Waliipata mwaka 1944. Boulanger hakuwa mtetezi wa wanawake, nisimsifu kuliko ukweli. Alikuwa mfanyabiashara aliyetazama vizuri. Aliona kwamba anayepeleka mayai sokoni ni mama, basi motokari ambayo mama haiwezi ni motokari isiyopeleka mayai.

Ukianza na yai, kila kitu kinabadilika. Resori haziwezi kuwa ngumu. Mafundi waliunganisha gurudumu la mbele na la nyuma, upande mmoja mmoja, kwa resori zilizolala chini ya motokari: la mbele likiingia shimoni, la nyuma linapata habari na kujitayarisha. Ndiyo sababu Deux Chevaux inayumba kama mtumbwi ikikata kona, mpaka asiyeizoea anapiga kelele, lakini inapita kwenye mashimo kwa upole. Uzito ulipaswa kuwa mdogo, karibu kilo 500 tu. Viti vilikuwa mabomba na kitambaa kilichovutwa kwa mipira, na uliweza kuvitoa nje, ukakaa juu yake chini ya mti wakati wa kula, ukapakia magunia mahali pake. Juu hapakuwa na bati, palikuwa na turubai la kukunja. Mzigo mrefu, tuseme kabati au ngazi, ulisimamishwa ndani ukatoka juu. Boulanger, aliyekuwa mrefu, alikaa ndani akiwa na kofia kichwani. Kofia ikigusa juu, mafundi warudi kazini. Wamama wenye vilemba vya siku ya arusi wangemshukuru.

Moteri yake ilikuwa ndogo mno: ile ya 1948 ilikuwa sentimita 375 za ujazo, karibu sehemu ya nane ya moteri ya Ford T, na nguvu ya farasi 9. Jina «farasi wawili» lilitoka kwenye hesabu ya kodi ya serikali ya Ufaransa, wala si nguvu yenyewe. Ilipozwa kwa upepo. Hapakuwa na radiateri, hapakuwa na maji ya kuchemka njiani na mtoto kutumwa na bidoni kutafuta mto. Ilikula lita 4 au 5 kwa kilometa 100, haikuzifikia zile 3 za Boulanger, lakini Ford T ilikuwa inakunywa kati ya 11 na 18. Iliwaka kwa umeme tangu siku ya kwanza ya kuuzwa. Batri ikifa, manivela ilikuwepo pia, na chuma hichohicho kilifungua misumari ya magurudumu.

Ilipangwa kutoka mwaka 1939. Vita vikazuka. Wajerumani wakaingia Ufaransa, na zile za majaribio zikaharibiwa au kufichwa. Tatu zilikaa kimya juu ya dari la ghala huko La Ferté-Vidame, mahali pa majaribio, mpaka zilipotolewa mwaka 1994. Wamama wa Kivu tunajua kuficha kitu cha thamani wakati wa vita, ila kwa kawaida sisi tunaficha mbegu na karatasi za shule.

Oktoba 1948, katika maonyesho ya Paris, watu waliicheka. Rangi ya kijivu, mabati yenye mikunjo, taa zilizotoka kama macho ya chura. Husimuliwa kwamba mwandishi mmoja wa Marekani aliuliza kama inauzwa pamoja na kifungulio cha makopo. Lakini waliokuwa wakilima hawakucheka, walijiandikisha. Orodha ilirefuka mpaka kungojea kukawa miaka kadhaa, na kampuni ikaamua nani atangulie: waganga wa vijijini, wakunga, mapadri, wakulima wadogo, wale ambao kazi yao inawalazimisha kutembea na hawana uwezo wa motokari kubwa. Hapo nilisimama kidogo. Mkunga kupewa motokari kabla ya mwenye duka! Kwetu mkunga bado anatembea kwa miguu usiku na taa ya simu, au mama mwenye uchungu ndiye anayebebwa kwenye kitanda cha miti mpaka kwenye kituo cha afya.

Nisije nikaonekana ninauza Deux Chevaux. Ina mabaya yake. Ni polepole, ile ya kwanza ilifika kilometa 65 kwa saa ikiwa tambarare na bila upepo wa mbele. Mabati yake ni membamba, na ikigongana na kitu kizito haiwakingi walio ndani. Ford T ilikuwa na hatari yake: freni zake hazikushika magurudumu ya mbele, na kioo chake kikivunjika kilikata kama kisu. Hakuna hata moja kati ya hizi ningeipakia watoto leo niwapeleke safari ndefu. Na kwa bei, Ford alishinda kabisa. Deux Chevaux haikupata kufika milioni 15. Zilitoka zaidi ya milioni 3.8, kwa miaka 42. Mtu asiye na motokari kabisa haulizi habari za mayai, anauliza dola ngapi. Hilo Ford alilielewa kuliko wote, na wamama wengi waliotoka kwenye matope ya Michigan walitoka kwa bei ile.

Jambo moja zaidi kwa wale wanaofikiri vitu hivi ni vya wazungu tu. Huko Abidjan, Kodivaa, walichukua moteri na mifupa ya Deux Chevaux wakaijengea mwili wao wa mabati yaliyokunjwa na kufungwa kwa nati, bila mashine kubwa za kiwanda. Waliiita Baby-Brousse, mtoto wa porini. Mlango hauna, kioo cha pembeni hakina, lakini inabeba.

Sasa turudi kwenye kikundi chako na ile feza ya sanduku. Siku wale wanaume wa kuuza watakapowaletea motokari ya kuonyesha, msikimbilie kusifu rangi. Ford T ilikuwa nyeusi tu tangu 1914 mpaka 1925, Deux Chevaux ilikuwa ya kijivu tu kwa miaka kumi ya kwanza, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Mama mmoja aiwashe yeye mwenyewe, asiwashiwe. Mwingine afungue gurudumu, aone kama mikono yake inatosha. Mwekahazina aulize lita ngapi mpaka sokoni na kurudi, akaandike, kisha aulize fundi wa karibu kama vyuma vyake vinapatikana bila kuagizwa ng'ambo. Pakieni magunia kama ya siku ya soko, si mawili ya heshima. Halafu ombeni trei moja ya mayai, iwekwe nyuma, na muuzaji aendeshe mpaka mwisho wa kijiji na kurudi kwa njia mbaya. Mayai anunue yeye.